Karatasi imeandika GFAP 48: apigwe CT au asipigwe?

Karatasi imerudi kutoka maabara ikiwa na mistari miwili tu: GFAP 48 pg/mL, UCH-L1 210 pg/mL (pikogramu kwa mililita). Hizo ni protini mbili za ubongo zinazopimwa kwenye damu ya mtu aliyegongwa kichwa. Mgonjwa ni kijana wa miaka 26 aliyeanguka na bodaboda saa tatu zilizopita. Macho yako wazi, mikono na miguu anaisogeza akiambiwa, jina lake analitaja bila kusita. Ila hajui yuko hospitali gani, na kila baada ya dakika mbili anauliza upya pikipiki yake iko wapi. Daktari wa zamu ana swali moja: apelekwe kupigwa picha ya kichwa ya CT, au awekwe kitandani na kuangaliwa?

Karatasi hiyo peke yake haimjibu, kwa sababu haikuandika sampuli ilikuwa ya aina gani wala ilipimwa kwa mashine ipi. Kipimo cha kwanza cha namna hii kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kilikuwa cha kampuni ya Banyan, Februari 2018. Kilipima seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na kikomo chake cha GFAP kilikuwa 22. Mwaka 2021 ikaja katriji ya i-STAT ya kampuni ya Abbott, kifaa kidogo kinachowekewa sampuli na kuingizwa kwenye mashine; inapima plazma, majimaji ya damu isiyoganda, kikomo 30. Mwaka 2024 ikaruhusiwa katriji nyingine ya i-STAT inayopima damu nzima, moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kikomo 65. Kwa hiyo namba 48 ni chanya kwa vipimo viwili vya kwanza na ni hasi kwa cha tatu. Vikomo vya UCH-L1 ni 327 kwa Banyan na 360 kwa katriji zote mbili za i-STAT, na 210 ya kijana huyu iko chini ya vyote. Kanuni ya kusoma ni kwamba protini moja tu ikifika kikomo, kipimo kizima kinahesabiwa chanya. Kiwe hasi, lazima zote mbili ziwe chini.

Tumeanza na karatasi kwa makusudi. Habari nyingi kuhusu vipimo hivi zimeandikwa kana kwamba damu sasa inaweza kusema kama ubongo umeumia au la. Haisemi hivyo. Kipimo kinajibu swali dogo zaidi, nalo ni hili: kwa mtu mzima aliyegongwa kichwa lakini bado ana fahamu, kuna uwezekano gani kwamba picha ya CT ingeonyesha jeraha ndani ya fuvu? Ukikiuliza swali jingine kitakupa namba vilevile, na hapo ndipo watu hupotea.

Protini hizi zinatoka wapi

Ubongo una seli za neva zinazopeleka taarifa, na una seli za kuzitunza, miongoni mwao astrosaiti. Ndani ya astrosaiti kuna nyuzi za protini zinazoipa seli umbo, mfano wa fito ndani ya ukuta wa nyumba ya udongo. Nyuzi hizo zimejengwa kwa GFAP. Nyumba ikiwa nzima huzioni fito. Ukuta ukibomoka, zinatokeza nje. UCH-L1 yenyewe ni kimeng'enya kilichojaa ndani ya seli za neva, na kazi yake ni kusaidia kusafisha protini zilizochakaa. Kichwa kinapogonga lami, ubongo husukumwa ndani ya fuvu, utando wa seli huchanika na vilivyomo ndani humwagika kwenye majimaji yanayozunguka seli. Kutoka hapo huingia kwenye damu kupitia sehemu ambazo kizuizi kati ya damu na ubongo kimepasuka, na kupitia njia za kawaida ambazo ubongo hutumia kuondoa taka zake.

Kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mtu mzima ana kama lita 3 za plazma. Ikiwa kila mililita ina pikogramu 48 za GFAP, basi GFAP yote inayozunguka mwilini mwake ni kama nanogramu 144, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Ndiyo maana kipimo hiki hakikuwezekana zamani, ingawa protini zenyewe zilijulikana miaka mingi. Kinachofanyika ndani ya katriji ni mtego wa kingamwili mbili. Ya kwanza imegandishwa mahali pake na inaishika protini. Ya pili inakuja na kuing'ang'ania protini hiyohiyo upande wa pili, ikiwa imebeba kitu kinachotoa ishara ambayo mashine huihesabu. Bila protini katikati, kingamwili ya pili inaoshwa na hakuna ishara.

Protini hizi mbili haziendi kwa mwendo mmoja. UCH-L1 huonekana ndani ya saa ya kwanza, hufika kilele karibu saa 8 baada ya ajali, kisha hushuka ndani ya siku mbili. GFAP nayo huanza kuonekana ndani ya saa ya kwanza, lakini kilele chake ni karibu saa 20 na hushuka taratibu hadi siku ya tatu. Hii ndiyo sababu ya kupima zote mbili. UCH-L1 inamsaidia anayewahi kufika, na GFAP inambeba aliyechelewa, kwa mfano aliyelala nyumbani usiku mzima akidhani ni kichwa tu kinauma. Katika tafiti nyingi GFAP ndiyo imeonekana kuwa mbeba mzigo mkuu. UCH-L1 inaweza kupanda pia kwa mtu aliyeumia mifupa bila kuumia kichwa, kwa hiyo namba yake peke yake isikutie hofu kubwa.

Ni kwa nani, na ndani ya muda gani

Kabla ya damu kuna Skeli ya Glasgow, iliyotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Inajumlisha alama za macho (juu kabisa 4), za kuongea (5) na za viungo (6). Aliye mzima ana 15, na alama ya chini kabisa ni 3. Kwa desturi, 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 3 hadi 8 kali. Kijana wetu anapata 4 kwa macho na 6 kwa viungo. Kwa kuongea anapata 4 badala ya 5 kwa kuwa amechanganyikiwa. Jumla 14.

Vipimo vya GFAP na UCH-L1 vimeruhusiwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi wenye alama 13 hadi 15 tu. Cha plazma kinataka damu ichukuliwe ndani ya saa 12 tangu ajali, cha damu nzima ndani ya saa 24. Aliye na alama 8 hahitaji kipimo cha damu kuamua kama apigwe picha. Anahitaji njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni, shinikizo la damu lisiloporomoka, CT na daktari wa upasuaji wa ubongo. Kumngojea mashine itoe namba ni kupoteza dakika zake. Mtoto wa miaka 9 naye hayumo, maana vikomo hivi havikutengenezwa kwa damu ya watoto.

Muda wa ajali ndiyo taarifa inayosahaulika kuliko zote kwenye fomu. Bila muda, namba inaelea. GFAP 20 kwa aliyeumia saa 10 zilizopita inatuliza. GFAP hiyohiyo kwa aliyefika dakika 20 tu baada ya kugongwa haitulizi chochote, kwa sababu protini bado ziko njiani. Tunashauri muda uandikwe mara mbili: saa ya ajali na saa ya kutoa damu. Kama hakuna anayejua saa ya ajali, kwa mfano mtu ameokotwa barabarani, sharti la saa 12 au 24 haliwezi kuthibitishwa na kipimo kisitumike kumzuia asipigwe picha.

Kuna pia suala la pombe, na kwetu ni suala la kila Jumamosi usiku. Mlevi anaweza kupata alama 13 bila ubongo kuguswa. Anaweza pia kupata 13 kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu huku harufu ya bia ikimlaghai kila anayemwona. Hapa kipimo cha damu kina thamani ya kweli, kwa kuwa GFAP inatoka kwenye seli zilizopasuka. Ikiwa chanya, ulevi usikubaliwe tena kuwa ndiyo maelezo yote.

Hasi ina nguvu, chanya haina

Utafiti uliofungua mlango ulifanyika Marekani na Ulaya, ukaitwa ALERT-TBI na kuchapishwa mwaka 2018. Watu 1,959 walichambuliwa. Kati yao 125, kama asilimia 6, walikuwa na jeraha lililoonekana kwenye CT. Kipimo kiliwanasa asilimia 97.6 ya wenye jeraha. Lakini kati ya wasiokuwa na jeraha, kiliwasafisha asilimia 36 tu.

Hebu tuzitie namba hizo kwenye foleni ya watu 1,000. Wenye jeraha ni 60. Kipimo kinawanasa 59 na mmoja anapita. Wasio na jeraha ni 940. Kipimo kinasema hasi kwa 342 na chanya kwa 598. Sasa jipange upande wa majibu, kama daktari anavyoyapokea. Walioambiwa hasi ni 343, na kati yao mmoja tu ana jeraha. Hiyo ni nguvu kubwa. Walioambiwa chanya ni 657, na kati yao wenye jeraha ni 59, yaani kama asilimia 9. Watu tisa kati ya kumi wenye jibu chanya picha yao itatoka safi.

Kwa hiyo muuguzi au daktari anayemwambia ndugu wa mgonjwa "kipimo ni chanya, ubongo unavuja damu" anasema jambo ambalo mara tisa kati ya kumi si kweli. Maneno sahihi ni: "Kipimo hakijatuhakikishia usalama, kwa hiyo tunampiga picha." Tofauti ni ndogo mdomoni lakini ni kubwa kwa mama aliyesimama mlangoni.

Na tujihadhari na namba 99.6, ile asilimia ya majibu hasi ambayo ni ya kweli, inayotajwa kila mahali. Si sifa ya katriji peke yake. Imezaliwa na katriji pamoja na foleni ya Marekani na Ulaya, ambako watu wengi wenye vichwa vilivyogongwa kidogo hukimbilia hospitali, hivyo wenye jeraha ni asilimia 6 tu. Hospitali ya rufaa ya Afrika Mashariki ina foleni nyingine. Wengi wamechujwa tayari na zahanati, na wengine kituo cha afya, na waliobaki ni walioumia zaidi. Chukua kwa mfano tu kwamba wenye jeraha ni 300 kati ya 1,000, na katriji ni ileile. Inawanasa 293 na kuwaacha 7. Kati ya 700 wasio na jeraha inawasafisha 255. Majibu hasi sasa ni 262, na ndani yake 7 wana jeraha: mmoja kati ya kila 37 hivi, badala ya mmoja kati ya 343. Picha zilizookolewa nazo zimepungua kutoka 343 hadi 262.

Hatusemi kipimo hakifai huku. Tunasema mahali pake panapofaa zaidi ni mapema kwenye safari ya mgonjwa, kwenye hospitali ya wilaya isiyo na CT, ambako swali ni kama gari la wagonjwa litumike kumpeleka mtu kilomita 200. Kwenye mlango wa hospitali ya rufaa yenye CT ghorofa ya chini, faida inapungua. Na popote kitakapoanza kutumika, hospitali ihesabu foleni yake yenyewe kwanza badala ya kuazima 99.6 ya wengine.

Kuna aina moja ya jeraha inayotutia wasiwasi kwa sababu ya jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Damu inayovuja kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo, mara nyingi baada ya mfupa wa pembeni ya kichwa kupasuka na kukata mshipa, inaweza kuanza bila ubongo wenyewe kuchanika. Mgonjwa anazinduka, anaongea, anaomba chai. Saa chache baadaye donge la damu limeukandamiza ubongo na anazimika. Kipimo kinahesabu seli zilizopasuka, hakihesabu damu iliyokusanyika nje ya utando. Kwa hiyo uvimbe juu ya sikio, maumivu ya kichwa yanayozidi na usingizi usio wa kawaida vina neno la mwisho hata kama karatasi inasema hasi.

Sampuli inavyoharibika

Kwa katriji ya damu nzima, inatakiwa damu ya mshipa, si ya kuchoma kidole, ikiwekwa kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, ile ya kifuniko cha zambarau. Chupa igeuzwe polepole juu chini mara kadhaa ili dawa ichanganyike, isitikiswe. Damu iliyoganda nusu ndani ya chupa inaziba njia nyembamba za katriji, na mashine itakataa au itatoa kosa. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hupasua seli nyekundu, na plazma inageuka kuwa nyekundu badala ya manjano hafifu. Sampuli ya namna hiyo ichukuliwe upya. Kwa baadhi ya protini za ubongo, hasa ile iitwayo NSE, ambayo imo pia ndani ya seli nyekundu, kosa hilo moja linaweza kuipandisha namba hata kama ubongo haukuguswa.

Katriji ya plazma inahitaji hatua moja zaidi, nayo ni sentrifuji ya kuitenganisha plazma. Jambo hili dogo lilifunga mlango wa vituo vingi. Mashine inatoa jibu kwa dakika 15, lakini kama sentrifuji iko jengo la pili na mtu wa maabara ameitwa kwingine, dakika 15 zinakuwa saa moja na nusu.

Halafu kuna joto. Katriji hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na mashine ya i-STAT imetengenezwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 30. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kinavuka 30 kabla ya adhuhuri. Umeme ukikatika usiku na friji haina kumbukumbu ya joto, hakuna anayejua asubuhi kama katriji bado zina uhai. Kabla ya kununua mashine, nunua kipimajoto cha friji chenye kumbukumbu na uamue nani anakisoma kila asubuhi.

Mwisho, kuna watu wachache ambao damu yao ina kingamwili zinazoweza kuziunganisha kingamwili mbili za mtego bila protini yoyote katikati. Mashine inaona ishara na kutoa namba ya uongo. Jibu lisilofanana kabisa na mgonjwa aliye mbele yako lina haki ya kutiliwa shaka.

Ndugu wengine wa GFAP

Kabla ya Marekani kuruhusu chochote, nchi za Skandinavia zilikuwa zinatumia protini nyingine, S100B. Mwongozo wao wa mwaka 2013 unasema mtu mzima mwenye jeraha dogo na hatari ndogo, akitoa damu ndani ya saa 6, na S100B ikawa chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita, anaweza kuruhusiwa bila CT. Ni kipimo cha bei nafuu na kimeokoa picha nyingi. Lakini S100B haitoki kwenye ubongo tu. Imo kwenye mafuta ya mwili, kwenye gegedu, na kwenye seli za ngozi zinazotengeneza rangi. Aliyevunjika paja atakuwa na S100B ya juu hata kama kichwa hakikuguswa, na bodaboda huvunja mapaja. Zaidi ya hapo, utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha watu wazima wenye afya ulikuta S100B ya kawaida iko juu zaidi kwa watu weusi na wa Asia kuliko kwa wazungu. Kikomo cha 0.10 kikichukuliwa kama kilivyo, watu wetu wengi wanaweza kutoka chanya bila sababu, na kipimo cha kupunguza picha kikawa cha kuziongeza. Yeyote anayefikiria kukileta Afrika Mashariki apime kwanza damu za watu wazima wenye afya wa hapahapa. S100B pia hupotea haraka, nusu yake ikiondoka ndani ya saa moja au mbili hivi, ndiyo maana wakaweka saa 6.

NfL, protini ya ndani ya nyuzi ndefu za seli za neva, ni ya mwendo wa kobe. Hupanda kwa siku na wiki, na inaweza kubaki juu kwa miezi. Haifai mapokezi ya dharura. Inafaa kliniki, kufuatilia kama nyuzi bado zinaendelea kuharibika. Huongezeka pia kwa umri na kwa figo zilizochoka, kwa hiyo mzee wa miaka 70 asilinganishwe na kijana wa 20.

Mate nayo yamejaribiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, wakifanya kazi na wachezaji wa raga wa kulipwa wa Uingereza, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya vipande vidogo 14 vya RNA kwenye mate vilivyotenganisha vizuri wachezaji waliopata mtikisiko wa ubongo na wasioupata. Ni njia yenye matumaini kwa uwanjani, ila walikuwa wanaume wachezaji wa daraja la juu. Mpaka ijaribiwe kwa wanawake na watoto wa shule, ibaki kwenye utafiti.

CT safi, GFAP juu

Hili ndilo tunaloona lina uzito kuliko yote kwa mgonjwa mwenyewe. Mradi wa Marekani uitwao TRACK-TBI, unaoongozwa na Geoffrey Manley wa San Francisco, ulichukua watu 450 ambao CT yao ilikuwa safi kabisa, ukawapiga MRI, picha ya sumaku, ndani ya wiki chache. Watu 120, asilimia 27, walikuwa na jeraha ambalo CT haikuliona. Na damu ilikuwa imekwisha kusema: GFAP ya katikati kwa wenye jeraha kwenye MRI ilikuwa 414 pg/mL, kwa wasio nalo 74.

Mgonjwa ambaye CT yake ni safi huambiwa "huna kitu" na kurudishwa nyumbani. Wiki tatu baadaye anashindwa kufuata mazungumzo ya watu wawili, taa zinamuumiza, analala mchana, bosi anamwona mvivu. GFAP ya mamia haimpi dawa, lakini inatosha kumpa tarehe ya kurudi kliniki, barua ya mapumziko kazini, na onyo la kutorudi kwenye mpira au kwenye pikipiki haraka. Kama hospitali imeshalipia kipimo, kukitupa baada ya CT safi ni kupoteza nusu ya faida yake.

Kwa kutabiri, damu ina mipaka inayojulikana. Uchambuzi wa TRACK-TBI wa mwaka 2022 wa watu karibu 1,700 ulipima GFAP ya siku ya ajali. Chukua wawili, mmoja aliyefariki ndani ya miezi sita na mmoja aliyenusurika: mara 87 kati ya 100 aliyefariki ndiye aliyekuwa na GFAP ya juu. Chukua sasa wawili wengine, mmoja amepona kabisa na mwingine hajapona kikamilifu: uwezo huo unashuka hadi mara 62. Kurusha sarafu kungekupa 50. Kwa hiyo asiwepo anayemwambia mgonjwa mwenye jeraha dogo, kwa namba ya siku ya kwanza, kama atapona kabisa au la.

Mwaka 2025 kundi la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kuachana na maneno "dogo, la wastani, kali" na badala yake kueleza jeraha kwa nguzo nne: hali ya mgonjwa, viashiria vya damu, picha, na mambo yanayobadilisha safari yake, kama maradhi ya awali na mazingira ya nyumbani. Tunaliunga mkono pendekezo hilo, hasa kwa sababu neno "dogo" limewanyima watu wengi ufuatiliaji.

Pasipo na mashine

Hospitali nyingi za ukanda huu bado hazina hata moja ya katriji hizi, na kazi haisimami. Kanuni ya Kanada ya mwaka 2001, kwa aliye na alama 13 hadi 15 baada ya kupoteza fahamu, kusahau au kuchanganyikiwa, inataka CT ikiwa kuna mojawapo ya haya: alama hazijafika 15 saa mbili baada ya ajali, fuvu linashukiwa kupasuka au kubonyea, kuna dalili za kupasuka chini ya fuvu (macho kuzungukwa na weusi, weusi nyuma ya sikio, damu au maji kutoka sikioni au puani), ametapika mara mbili au zaidi, au ana miaka 65 na kuendelea. Kusahau mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya ajali na ajali ya nguvu kubwa vinaongeza shaka. Kanuni hii haiwahusu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wala waliopata degedege baada ya ajali. Hao wapigwe picha moja kwa moja.

Sasa mrudie kijana wetu. Saa tatu zimepita tangu aanguke na alama zake bado ni 14. Kwa kigezo cha kwanza kabisa cha kanuni hiyo anastahili CT, iwe 48 yake ilitoka kwenye seramu, plazma au damu nzima. Mpeleke. Kisha karatasi ya maabara ibandikwe kwenye faili lake, na chini yake iandikwe kwa mkono aina ya sampuli, jina la mashine na saa aliyoanguka, ili atakayemwona kliniki wiki mbili zijazo aweze kuisoma.